Kuotesha Mimea kwa Pingili: Mjue Mama Kwanza



Majuma machache yaliyopita, katika darasa la Kipaimara, kijana mmoja aliniuliza swali lililonikalia moyoni. Tulikuwa tukisoma Injili ya Yohana, mlango wa 15, mahali Bwana wetu anapojifananisha na mzabibu na sisi na matawi yake, akatuonya kwamba tawi lililoachana na mti wake halina uzazi. Kijana akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, mbona mama yangu hukata miti ya mihogo vipande vipande, akaifukia, na mwaka unaofuata tunakula? Yale si matawi yaliyoachana na mti wao?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki, na aliyeuliza alikuwa ameona shambani kwa macho yake. Nilimwahidi kwamba nitamjibu katika gazeti letu la mtaa ili na wazazi wasome. Lakini jibu halieleweki mpaka tujue kwanza jinsi kipande cha mti kinavyopata uhai mpya. Basi mwezi huu somo letu ni la shambani na bustanini, na mwishoni tutarudi kwenye mzabibu.

PINGILI NI NINI?

Mimea huzaliana kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni mbegu. Mbegu hutokana na ua lililopata chavua, kwa hiyo mche wa mbegu una mama na baba, nao haufanani kabisa na yeyote kati yao, kama watoto wetu wasivyofanana nasi katika kila jambo. Njia ya pili ni kutumia sehemu ya mmea wenyewe: chipukizi, kama tufanyavyo kwa mgomba, au kipande cha shina. Kipande cha shina kilichokatwa ili kioteshwe ndicho tunachokiita pingili. Kwa viazi vitamu tunasema marando, lakini jambo ni lile lile.

Mmea uliotokana na pingili hauna baba. Tena, kwa kweli, si mtoto wa mti ule uliokatwa. Ni mti ule ule, umeanza tena mahali pengine. Ule muhogo ambao bibi yako aliupenda, ukahamishwa pingili zake kutoka shamba hadi shamba, si ukoo wa mihogo mingi. Ni muhogo mmoja ambao umeendelea kuishi kwa miaka yote hiyo. Utamu wake ni ule ule, na udhaifu wake ni ule ule. Tafadhali lishikeni neno hili, maana somo lote limesimama juu yake.

KAZI INAYOFANYIKA NDANI

Pingili inapotengwa na mti wake hubaki na vitu viwili: macho na akiba. Macho ni vichipukizi vidogo vilivyolala kwenye vifundo, juu kidogo ya kovu la jani. Akiba ni chakula na maji yaliyohifadhiwa ndani ya shina. Haina mizizi, kwa hiyo haiwezi kunywa vya kutosha, na hali majani yaliyobaki juu yake yanaendelea kupoteza maji hewani. Hapo ndipo penye mashindano: mizizi ipatikane kabla akiba haijakwisha. Kazi yote ya mwoteshaji ni kuisaidia pingili ishinde mashindano hayo.

Katika macho na majani machanga hutengenezwa kichocheo kiitwacho auksini. Katika miaka ya 1930 wataalamu waligundua kwamba kichocheo hiki ndicho kinachoamsha mizizi. Auksini husafiri kutoka juu kwenda chini. Ikifika mahali palipokatwa hujikusanya, na pale, katika tabaka jembamba la kijani lililo chini ya gome, mizizi huanza kuumbika. Kwa hiyo mizizi hupenda kutoka upande uliokuwa chini, na machipukizi upande uliokuwa juu. Ukiipindua pingili kichwa chini hukubadili tabia yake; umeichelewesha na kuidhoofisha tu.

Hapo pia utaona kwa nini si kila mmea unakubali njia hii. Mnazi una kichwa kimoja na hauna matawi ya kukata. Yakupasa kuotesha nazi. Mwembe ni mgumu sana kutoa mizizi, ndiyo maana wataalamu wa bustani huubebesha juu ya shina la mche mwingine. Lakini Mungu ametupa mingi iliyo myepesi.

KUOTESHA NYUMBANI

Kwa urahisi tugawe pingili katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni pingili laini, za ncha changa. Hapa wamo nanaa, rozimeri na marando ya viazi. Rozimeri hutaka ncha ya sentimeta 10 hivi. Marando hukatwa sentimeta 30 kutoka nchani, na vifundo vitatu au zaidi hufukiwa katika tuta.

Fungu la pili ni pingili zilizoanza kukomaa, ambazo zikipindwa hupinda kidogo kisha huvunjika. Hapa wamo haibiskasi na krotoni, ambazo wengi wetu tungependa kuziona zikizunguka kanisa. Zikate sentimeta 10 mpaka 15.

Fungu la tatu ni pingili ngumu, zenye gome lililokomaa. Hapa wamo bogenvilia, mforsadi, glirisidia, mnyaa na muhogo. Bogenvilia na mforsadi hukatwa sentimeta 15 mpaka 20, unene wa penseli. Glirisidia yaweza kukatwa nguzo nzima ya meta moja na nusu, ukaisimika kwenye mpaka wa shamba, ikawa ua ulio hai. Ndugu zetu wa milimani Amani huipanda pia ili pilipili manga itambae juu yake, na pilipili manga yenyewe hupandwa kwa pingili.

Sasa fuateni hatua hizi.

1. Chagua mti mama ulio mzima. Nitarudi kwenye jambo hili kwa urefu, maana ndilo kubwa kuliko yote.

2. Kata asubuhi, mti ungali umejaa maji. Tumia kisu kikali, na ukisafishe kwa maji ya moto kabla ya kuhamia mti mwingine. Kisu butu husaga shina, na mahali paliposagika huoza.

3. Upande wa chini kata bapa, karibu sana na kifundo. Upande wa juu mimi hukata mshazari. Sababu ni mbili: maji ya mvua hayatuami juu yake, nami sisahau kipi ni kichwa na kipi ni mguu.

4. Kwa pingili laini na zile zilizoanza kukomaa, ondoa majani ya chini na maua yote. Acha majani mawili au matatu juu; yakiwa mapana, yakate nusu. Kwa pingili ngumu ondoa majani yote.

5. Tayarisha kopo lenye matundu chini. Tia mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa na udongo mwepesi. Usitie samadi mbichi. Huunguza na kuleta uozo.

6. Toboa shimo kwa kijiti kwanza, ndipo uingize pingili, vifundo viwili viwe chini ya udongo. Shindilia kwa vidole, kisha nyunyizia maji.

7. Weka kivulini. Kwa pingili zenye majani, chukua chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, kata kitako chake, uifunike pingili kama taa ya chemli inavyofunikwa na kioo. Unyevu utabaki ndani. Fungua kizibo kila siku kwa muda ili hewa ipite. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki kwa kazi hii, lakini mifuko ya kubebea ilikatazwa nchini tangu Juni 2019, na chupa inafaa zaidi.

8. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Pingili nyingi zaidi hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi kuliko kwa kiu.

9. Vumilia. Haibiskasi huchukua majuma matatu mpaka sita. Bogenvilia huchukua zaidi. Usiing'oe kuitazama.

Hapa nawaonya juu ya jambo moja linalowadanganya wengi. Pingili yaweza kutoa majani mapya mazuri ikiwa haina hata mzizi mmoja. Majani yale yanakula akiba. Mwenye bustani anafurahi, anaihamishia juani, na baada ya siku tatu imenyauka. Majani si ushahidi wa mizizi. Baada ya mwezi mmoja ivute kwa vidole polepole sana. Ikishikilia, hapo ina mizizi. Kisha izoeze jua kidogo kidogo kwa juma zima kabla ya kuihamisha.

Kuhusu mnyaa, utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Watoto wasiukate. Mkubwa akiukata, aziache pingili kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, ndipo apande.

MUHOGO

Sasa tuje kwenye pingili inayolisha nyumba zetu. Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1970 tunakumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974 na 1975, mvua zilipokuwa zimetupa kisogo. Nyumba nyingi ziliokolewa na muhogo. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kuchanua yamekwisha. Muhogo hupukutisha majani, ukangoja, na mvua ikirudi huendelea.

Pingili za muhogo zitoke katika mti wenye umri wa miezi minane mpaka kumi na minane. Tumia sehemu ya katikati ya shina. Ncha ni changa mno, hukauka upesi. Na sehemu ya chini kabisa ni ngumu mno. Urefu uwe sentimeta 20 mpaka 30, macho yasipungue matano. Wakati wa kukata, usiigonge kwa panga juu ya gogo. Ishike mkononi, uikate kwa pigo moja safi.

Katika udongo wa kichanga, simamisha au laza mshazari, theluthi mbili ziwe ardhini, macho yakielekea juu. Nafasi iwe meta moja kwa meta moja. Kwa hivyo ekari moja huingia pingili 4,000 hivi. Huku kwetu Muheza panda mwanzo wa masika au mwanzo wa vuli, udongo ukiwa umelowa. Kama mvua zimechelewa, usikate vipande mapema. Hifadhi mashina marefu, yasimame kivulini, miguu yake ikiwa imegusa udongo wenye unyevu.

Lakini angalieni hesabu hii. Punje moja ya mahindi huleta hindi lenye punje mia kadhaa. Mti mmoja wa muhogo hutoa pingili kumi hivi tu. Basi pingili nzuri hupatikana kwa shida, na ndiyo maana huombwa na kupewa: jirani kwa jirani, mkwe kwa mkwe. Desturi hii ni njema. Ndiyo pia iliyonifanya nikose.

KOSA LANGU

Masika ya mwaka 2010 tulikubaliana hapa mtaani kwamba kila mwenye shamba la mihogo azisaidie nyumba za wajane kwa pingili. Mihogo yangu ilikuwa mirefu kunipita, na majani yake yalistawi. Majani ya chini yalikuwa na mabaka ya manjano, nikasema moyoni ni uzee wa majani. Nilikata mizigo mitatu, nikaipeleka mwenyewe kwa baiskeli nyumbani kwa mama mmoja mwenye watoto wanne. Alinishukuru. Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Mwaka uliofuata alinitumia mtoto aniite. Nilimkuta amekaa shambani kando ya lundo la mihogo iliyochimbwa. Akachukua mmoja, akaukata katikati, akanionyesha. Nyama yake nyeupe ilikuwa na madoa magumu ya kahawia, makavu kama kizibo. Akasema kwa upole, "Mwalimu, mihogo yako ina kutu." Ilikuwa hivyo karibu shamba zima. Haikufaa kupikwa, haikufaa kutengeneza makopa, na hata mbuzi walichagua. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nyumba ile ilinunua unga tangu mwezi ule mpaka vuli, kwa fedha ambazo zingelipa mahitaji ya shule.

Niliporudi nyumbani nilichimba mihogo yangu mwenyewe. Ilikuwa vile vile. Nilikuwa nimempa nilicho nacho, bila kujua nilicho nacho.

MAGONJWA MAWILI

Nilikwenda kwa bwana shamba, naye akanifundisha ambayo mimi mwalimu nilipaswa kuyajua.

Magonjwa makubwa ya muhogo huku kwetu ni mawili, na yote mawili huletwa na virusi. La kwanza ni batobato. Hili hujionyesha: majani hujikunja, hudumaa, na huwa na mabaka ya kijani na manjano. Limejulikana kwa muda mrefu; Mjerumani aitwaye Warburg aliandika habari zake mwaka 1894, akieleza mihogo ya nchi hii hii yetu. La pili ni michirizi ya kahawia. Habari zake ziliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtaalamu aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima tunayoiona kila asubuhi.

Michirizi ya kahawia ndiyo yenye hila. Majani hayajikunji. Yale ya chini, yaliyokomaa, huwa na manjano kandokando ya mishipa, na mtu hudhani yamezeeka. Shina la kijani laweza kuwa na michirizi ya kahawia, au isionekane. Mti waweza kuwa mrefu na wa kupendeza, na chini ya ardhi mizizi imekwisha kuharibika.

Magonjwa haya mawili huenezwa na wadudu wadogo, nzi weupe, wanaokaa chini ya majani. Kwa michirizi ya kahawia jambo hili lilithibitishwa mwaka 2005. Lakini nzi mweupe huihamisha michirizi hii mwendo mfupi tu. Anayeipeleka mbali ni mtu, mwenye mzigo wa pingili juu ya basi, anayekwenda kumsaidia ndugu yake. Kwa muda mrefu michirizi ya kahawia ilikuwa zaidi ugonjwa wa pwani na sehemu za chini. Tangu mwaka 2004 ilionekana Uganda, kisha ikaenea katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria, ambako watu wengi hula muhogo.

Sasa mnaona kwa nini nilisema mlishike neno lile la kwanza. Pingili ni mti ule ule. Mama akiwa mgonjwa, pingili zote ni mgonjwa mmoja aliyetawanywa. Wala hakuna dawa ya kunyunyizia itakayomponya. Tiba ni kuchagua.

Kwa hiyo nawapa kanuni moja, nayo ni fupi: chimba kwanza, kata baadaye. Kabla ya kuchukua pingili kwenye mti wowote, ng'oa mizizi yake, kila mzizi uukate mahali pengi, utazame ndani. Ukiona hata doa moja la kahawia, mti ule ni wa kuni. Ukiona mizizi yote ni safi, tazama tena majani na shina, ndipo ukate pingili. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kupanda, pita shambani kila juma, ung'oe mche wowote wenye dalili. Bwana wetu alitufundisha katika Mathayo 7 kwamba mti hutambulikana kwa mazao yake. Mimi niliutambua kwa majani.

Msiwe wepesi wa kukata tamaa. Zipo aina zinazovumilia. Kiroba ni ya wakulima wa pwani wenyewe, na wataalamu wetu wametoa nyingine, kama Mkuranga 1 na Chereko. Muulizeni bwana shamba wenu mahali pa kupata pingili zilizokaguliwa. Hata hizo mzichunguze, maana kuvumilia ugonjwa si kutoupata kabisa.

MBEGU NA PINGILI

Hapa kuna habari ambayo vijana wetu waijue, kwa kuwa ni ya nyumbani. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Katika miaka ya 1930 Storey na mwenzake Nichols walitafuta muhogo utakaoweza kushindana na magonjwa haya. Walichukua chavua wakaichanganya kati ya muhogo na jamaa zake wa mwituni. Mmoja wa jamaa hao ni mti ambao kila mama wa Tanga anaujua: mpira, ule ambao tunachuma kisamvu chake. Uliletwa kwa ajili ya utomvu wa mpira, biashara ikafa, mti ukabaki kuwa mboga.

Wataalamu wale hawakutumia pingili kupata aina mpya, maana pingili hurudia tu kile kilichopo. Walitumia mbegu. Kutoka katika miche mingi ya mbegu, iliyo tofauti kila mmoja, walichagua michache iliyo bora, na hapo ndipo pingili zikafanya kazi yake ya kuizidisha bila kuibadili. Kazi ile iliendelea mpaka mwaka 1957, na uzao wake ulipelekwa hata Nigeria ukawa msingi wa aina nyingi za Afrika Magharibi. Basi mbegu huleta jambo jipya, na pingili hulitunza. Mkulima anahitaji zote mbili.

JIBU LA KIJANA

Sasa narudi kwako, mwanangu wa Kipaimara.

Kwanza, mama yako hakuachi matawi yale yalale juu ya ardhi. Tazama kando ya shamba lenu baada ya kupanda: mashina aliyoyaacha yamekauka, na yataingia jikoni. Hayo ndiyo Bwana aliyoyasema. Tawi lililojitenga likabaki peke yake halina maisha ila yale ya akiba, nayo ni ya majuma machache. Laweza hata kutoa majani kwa muda, watu wakalisifu. Tulikwisha kuona kwamba majani si mizizi.

Pili, pingili iliyoota haijawa mti wa namna nyingine. Asili yake ni ile ile ya mama. Kwa sura imetengwa. Kwa asili haijatoka ndani yake. Hata mzabibu wenyewe, ule wa Palestina na huu wa Dodoma, huzidishwa kwa pingili. Bwana wetu alisema na watu waliojua hivyo, na hawakuchanganyikiwa. Walijua tofauti ya tawi lililotupwa na tawi lililochukuliwa na mkono wa mkulima ili likapandwe.

Tatu, soma mwisho wa mlango wa 17 wa Ezekieli. Nabii anasimulia kwamba Mungu mwenyewe atakwanyua kitawi chororo juu kabisa ya mwerezi, akipande juu ya mlima mrefu wa Israeli, kikue kiwe mti ambao ndege watakaa chini yake. Mwerezi si mti wa kuotesha kwa pingili kwa urahisi. Kwa kawaida huoteshwa kwa mbegu. Nadhani nabii alijua ugumu wa kazi ile, akataka tuone ni mkono wa nani. Kanisa letu la hapa nalo ni pingili iliyoletwa kutoka mbali katika karne ya 19, na udongo wa Magila ukaikubali.

Lakini nina neno kwa sisi wazazi pia. Tunapofundisha, tunatoa pingili. Watoto hawachukui tunayosema tu; wanachukua tulivyo, utamu wetu na kutu yetu. Siku ile shambani kwa mama mjane nilijifunza kwamba moyo wa kutoa hautoshi. Mtoaji ajichimbe kwanza.

Misimu miwili baadaye nilipata pingili safi za Kiroba. Nilimwendea yule mama na mashina pamoja na mizizi yake, nikamwomba aikate mwenyewe kabla ya kupokea. Aliikata yote, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akasema, "Hii napanda." Leo nikipungukiwa na pingili, huenda kuomba kwake, naye hunichimbia kwanza nitazame.

KAZI YA KUFANYA NA MASWALI YA VIKUNDI

1. Kila nyumba iotesheni pingili kumi za haibiskasi au bogenvilia. Zitakazoshika zitapandwa kuzunguka kanisa mvua zikianza. Mkipata tano katika kumi, msihuzunike.

2. Kabla ya kutoa au kupokea pingili za mihogo msimu huu, chimbeni miti mitatu mbele ya jirani. Mmeona nini?

3. Kuna tofauti gani kati ya mche wa mbegu na mche wa pingili? Kwa nini ugonjwa hupita kwa urahisi zaidi katika pingili?

4. Someni Yohana 15 na mwisho wa Ezekieli 17. Ni nini kinachotofautisha tawi linalokauka na tawi linaloota?

5. Umoja wa Akina Mama na vijana wajadili: ni jambo gani moja jema, na jambo gani moja baya, tulilopokea kwa wazee wetu tukalipanda tena bila kulichunguza?

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na mvua zije kwa wakati wake.